Aliyeitwa Mtumwa, Akafa Siti

Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, nyumbani kwetu Umoja, husomwa Yasini baada ya swala ya magharibi. Ni ada tuliyoichukua Mombasa tulipohamia Nairobi, nasi hatukukubali kuiacha hata pale majirani wa ghorofa ya juu walipotuuliza kulikoni. Tukimaliza kusoma huwataja marehemu wetu kwa majina, mmoja baada ya mmoja, tukawaombea. Tangu Nyanya aje kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho, tulikuwa tukimwona akiendelea kutikisa midomo baada ya sisi kuifunga orodha. Tulidhani ni nyiradi zake za uzeeni. Hatukumwuliza.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake, binti yetu wa kwanza alikuja kuposwa. Wageni walifika Jumapili baada ya alasiri, wamechoshwa na msongamano wa magari, tukawakaribisha kwa kaimati, sambusa, mkate wa sinia na kahawa. Walikuwa watu wa heshima, wenyeji wa pwani kama sisi, na kijana wao hatukumjua kwa baya. Mazungumzo yalikwenda vizuri hata mzee wao alipoweka kikombe chini akauliza kwa upole, "Na nyinyi, hasa asili yenu ni wapi?"

Jawabu tulikuwa nalo tayari. Tumelitoa mara nyingi tangu tuje bara, hata limelainika kama shanga ya tasbihi. Tulisema kuwa mababu zetu walitoka Hadhramaut, wakatua Lamu, kisha wakahamia Mombasa. Jawabu hilo si uongo. Babu mmoja katika ukoo wetu alitoka huko kweli. Lakini mtu ana mababu na manyanya wengi, nasi tulikuwa tumechagua mmoja tukawafukia wengine.

Nyanya alikuwa ameketi juu ya mkeka karibu na dirisha, na sisi tulidhani amelala. Akasema kwa sauti iliyofika kila pembe ya chumba, "Huyo ni mmoja tu. Nyanyangu mimi, mzaa mama, akiitwa Faida. Aliletwa Mombasa mtoto mdogo, akauzwa. Hatukujua kabila lake wala jina alilopewa na mamake. Hilo la Faida ni la waliomnunua."

Hakuna aliyesema neno. Mzee akaitikia, "Naam, naam," kama mtu aliyeambiwa habari za mvua. Kahawa ikanywewa, dua ikasomwa, wageni wakaaga kwa adabu. Tuliposikia nyayo zao zimefika chini tulimgeukia Nyanya. Twakiri kuwa hatukumsemesha kama mzazi anavyopaswa kusemeshwa. Tulimwuliza, "Mama, palikuwa na haja gani?"

Hakutujibu. Alingoja hata isha ikaswaliwa, kisha akamwita mwana wetu mdogo, akamwambia, "Kwenye hiyo simu yako, mtafute Siti binti Saad."

Sauti ilitoka imechanganyika na mkwaruzo wa santuri ya kale, nyembamba na kali, ikipanda juu ya udi na fidla. Watoto wakatazamana. Nyanya akafumba macho. "Huyu na nyanyangu ni marika," akasema. "Na yeye pia alipewa jina na watu."

Usiku ule ndipo tulipoisikia habari ya Siti kama ilivyopasa kusikiwa. Jina lake tulilijua, kama kila mtu wa pwani alijuavyo. Hatukuwa tumepata kujiuliza kwa nini mwanamke huyo akumbukwe hata leo, wakati masultani aliowaimbia wamesahauliwa na wengi.

Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungaliko, na mtoto yule wakampa jina la Mtumwa. Amri ya kuuondoa utumwa Unguja haikutolewa hata mwaka 1897, msichana amekwisha kuwa mtu mzima. Kwetu, katika pwani ya Kenya, ilikuja nyuma zaidi, mwaka 1907. Wasomaji wetu na wafanye hesabu wenyewe. Si zama za Firauni hizo. Ni zama za manyanya wa manyanya zetu, waliokufa wakiwa wamewapakata watu ambao leo tunakaa nao sebuleni.

Kazi ya mama yake ilikuwa ufinyanzi, na bintiye akaifuata. Akiviuza vyungu kwa kuvitembeza, huku akinadi ili watu watoke majumbani. Husimuliwa kuwa watu walianza kuijua sauti ile kabla ya kumjua mwenyewe. Mwanamke akisikia mnadi ule alitoka mlangoni hata kama chungu chake kingali kizima. Chuo hakukisoma utotoni. Mali hakuwa nayo, wala uzuri unaosifiwa na washairi. Alikuwa na koo aliyopewa na Mola wake, na miguu ya kutembea.

Mwaka 1911 aliondoka Fumba akahamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfunza kuimba kwa kufuata ala, na akajifunza kusoma Kurani na kuyatamka maneno ya Kiarabu kama yatamkwavyo na wenyewe. Jambo hili linahitaji kufafanuliwa kidogo, maana watoto wetu leo hudhani kuwa taarabu tangu mwanzo ilikuwa ya Kiswahili. Haikuwa hivyo. Taarabu ililetwa katika jumba la Sultani Barghash kutoka Misri. Wapigaji wake walikuwa wanaume, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Hata chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mjini Unguja mwaka 1905, kilianza kwa nyimbo za Kiarabu. Ulikuwa muziki wa watu wenye mazulia. Mfinyanzi kutoka shamba, mwanamke, mtoto wa watumwa, hakuwa na mahali pa kuketi katika majlisi ile.

Siti aliingia kwa mlango wa lugha yao wenyewe. Aliimba Kiarabu kwa ufasaha uliowafanya wenye Kiarabu chao wanyamaze kumsikiliza. Alialikwa katika harusi za matajiri na mbele ya sultani. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, neno la asili ya Kiarabu la kumwitia bibi wa heshima. Binti yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko muda wote huo, akauliza, "Na yeye alikubali tu, Nyanya? Kuitwa hivi, kisha kuitwa vile?" Nyanya akamjibu, "Jina la kwanza hakuulizwa. La pili alilifanyia kazi."

Heshima ile haikuja bila ya husuda. Mjini walikuwako waimbaji wengine waliomtungia wimbo wa kumdhihaki: alipokuja mjini alikuwa amevaa kaniki, je, tangu lini amekuwa mtu? Dhihaka hiyo wanawake wa pwani wataielewa bila ya kufasiriwa. Kaniki na merikani zilikuwa ndizo nguo za watumwa. Zama zile mjakazi hakuachiwa kujifunika kama mwungwana, maana stara ilihesabiwa kuwa haki ya wenye nasaba. Utumwa ulipokwisha, wanawake waliokuwa wajakazi na mabinti zao walijinunulia kanga na buibui. Buibui tunalolivaa leo, tukalitoa kabatini bila ya kufikiri, kwa wengi wa manyanya zetu lilikuwa hati ya uhuru. Aliyemkumbusha Siti kaniki yake alikuwa anajaribu kumvua buibui mbele ya watu.

Naye akajibu. Hakujitungia nasaba, wala hakudai kuwa babu yake alitoka Hadhramaut au Maskati. Alijibu kwa wimbo, na maana yake ilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu, la kutazamwa ni akili ya mtu na anachokijua. Tuliposikia hapo, sisi wawili tulitazama chini. Mwanamke yule aliulizwa swali lile lile tuliloulizwa sisi jioni ile, tena mbele ya mji mzima, naye akasimama nalo. Sisi tuliulizwa kwa upole, juu ya kahawa, tukakimbilia Hadhramaut.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe walipanda meli kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Alifuatana na Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaaban, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam, wanaume waliokuwa wamekwisha kukubali kuwa mwanamke ndiye anayeongoza sauti. Nyimbo alizorekodi kwa Kiswahili ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kutiwa katika santuri na mtu wa Afrika Mashariki. Zilipofika madukani zilipendwa hata kampuni nyingine zikamtamani, na mwaka 1930 Columbia wakaja Unguja kwenyewe kurekodi.

Nyanya anazikumbuka santuri hizo. Babake alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, nyumbani Kibokoni, na katikati ya santuri palikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni. "Babangu akiweka kidole gumba juu ya yule mbwa kila akiishika," akasema, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. Jirani zao walikusanyika barazani kusikiliza, na Faida, nyanyake, bikizee wakati huo, aliletewa kigoda cha mbele. Hakujua Kiarabu. Lakini Siti sasa alikuwa anaimba Kiswahili, na bikizee yule alielewa kila neno.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo ulipo ukubwa wa mwanamke huyu. Angeweza kubaki katika Kiarabu na majumba makubwa, maana huko ndiko kulikokuwa na sifa na fedha. Misri nako, katika miaka hiyo hiyo, Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijijini aliyejifunza kutamka kwa kusoma Kurani, alikuwa anaanza safari iliyomfanya asikilizwe na Waarabu kutoka Moroko hadi Iraki. Lakini Umm Kulthum aliimba kwa lugha ya mamake. Siti alipanda kwa lugha ya wakubwa, kisha akageuka akawapa mkono walio chini. Akaimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, mtaa wa maskini, katika nyumba za makuti, mbele ya wachukuzi na wauza samaki, na mara nyingine bila ya malipo.

Tena hakuwaimbia mapenzi peke yake. Aliimba juu ya hakimu anayependelea na mwenye cheo anayekula haki ya mnyonge. Wimbo wake unaokumbukwa sana ni Kijiti, na kisa chake kilitokea kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitoka pamoja na wenzake kwenda ngomani, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji akatorokea bara. Mashahidi walipofika mahakamani, lawama na adhabu zikawaangukia wanawake waliokuwa naye, kwa kuwa ndio waliotuhumiwa kununua ulevi. Mwuaji alikwenda zake, waliolia wakafungwa. Siti akauchukua msiba ule akaufanya wimbo, na tangu hapo Kijiti hakuwa na pa kujificha, kwani kila penye gramafoni jina lake lilitajwa.

Twajua kuwa miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wamo wasiopenda ala za muziki, na hatuandiki haya kwa kutaka kuufungua mjadala huo. Katika nyumba yetu yenyewe hatuna rai moja. Yule baina yetu anayejizuia na nyimbo aliketi usiku ule mpaka mwisho, akasema kuwa hukumu ya wimbo ni mlango mmoja, na hukumu ya kumdharau mtu kwa sababu ya mamake ni mlango mwingine, nao huo wa pili hauna ikhtilafu. Bilal aliyepanda juu ya Al-Kaaba kuadhini alikuwa mtumwa. Surat al-Hujurat twaisoma, na watoto wetu wameihifadhi. Ni jambo la kuogofya kwamba mtu aweza kuihifadhi aya kwa moyo, kisha akaingia katika posa na kuuliza, au akajibu, kama asiyeisikia maishani.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa hivyo mwanamke aliyezaliwa na jina la Mtumwa amewekwa katika maktaba pamoja na wafalme. Miaka mingi baadaye, wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na aliyezijua nyimbo zake kwa kuzisikia alipokuwa mdogo, alizunguka nazo dunia hata uzeeni.

Nyanya alipofika mwisho wa hadithi alikuwa amechoka. Akasema neno moja tu juu ya yale ya jioni. "Watu hawa wakimtaka mwanangu, wamtake pamoja na Faida. Wakimtaka bila ya Faida, basi wamtaka mtu mwingine ambaye sisi hatunaye."

Wiki mbili baadaye tulipigiwa simu. Tuliambiwa kuwa kijana angependa kumaliza masomo kwanza, na kwamba heri huja kwa wakati wake. Sauti ilikuwa ya adabu ile ile. Huenda ni kweli. Hatuna ushahidi wa kinyume, na dhana mbaya tumekatazwa. Lakini binti yetu hakutungoja tumfariji. Alilia kidogo usiku, na asubuhi alikwenda kazini. Aliporudi alikuwa amenunua daftari jipya. Akaketi kando ya Nyanya, akamwambia, "Nitajie wote. Si wa Hadhramaut peke yake." Wakakaa hata saa nne ya usiku. Majina yalipokwisha yalikuwa kumi na tisa, na kati ya hayo matatu ni ya watu walionunuliwa.

Sisi tumeishi Umoja miaka mingi. Mtaa huu una watu wa kila kabila la Kenya, na anayekuuzia nyanya pale soko la Mutindwa hana haja ya kujua babu yako alikuwa nani. Hata hivyo, huko huko sokoni tumewahi kuulizwa mara nyingi, kwa sababu ya buibui na kanzu, "Kwani nyinyi ni Waarabu?" nasi hutabasamu bila ya kukana. Tabasamu lile tulilifurahia. Tuliona ni jambo dogo. Sasa tumetambua kuwa kila tulipotabasamu, watoto wetu walikuwa wamesimama kando yetu na vikapu, wakijifunza nani wa kutajwa na nani wa kunyamaziwa.

Mwingine atasema, kuna faida gani kufukua makaburi? Hatusemi kila nyumba ibandike nasaba yake mlangoni. Mambo mengine ni ya kusemwa ndani, kwa wakati wake. Tunalolisema ni kuwa wako mama waliobeba mizigo ya watu, wakanyimwa majina yao, wakanyimwa hata shela ya kujifunikia, nao pamoja na hayo wakashika dini, wakafunza watoto wao adabu na sala, na sisi ndio mavuno ya subira yao. Walionunuliwa walipata dhuluma, hawakufanya aibu. Aibu ni ya aliyenunua. Tumeibeba kwa niaba yake kwa zaidi ya miaka mia, na hakuna aliyetutuma.

Usiku wa kuamkia Ijumaa iliyofuata tulisoma Yasini kama kawaida. Ilipofika zamu ya majina tulianza na wale tunaowaanza siku zote, kisha tukasita. Binti yetu ndiye aliyesema, "Na Faida." Tukaitikia sote. Baadaye tukamtazama Nyanya. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti. Midomo yake haikutikisika tena.